Somo la Lazima la Mwalimu Tekla

Wanafunzi wa chuo walikuwa na jina lao la somo la Mwalimu Tekla. Kwenye ratiba liliandikwa Jamii na Mazingira, lakini mabwenini waliliita Kibarua, kwa kuwa kwao lilikuwa kazi ya kufanya tu ili siku ipite. Aliyesomea mashine za boti alilisoma. Aliyesomea utalii alilisoma, na wa usindikaji wa samaki vilevile. Wote walikusanywa darasa moja kubwa baada ya chakula cha mchana, chini ya bati lililowaka jua, shibe na joto vikiwalemea.

Tekla alilijua jina hilo na hakukasirika. Kukasirika kunataka nguvu, na nguvu zake miaka hiyo zilimtosha kusimama mbele ya ubao na kurudi nyumbani.

Alifika Mafia mwishoni mwa miaka ya tisini akimfuata mumewe, Godlove, aliyeajiriwa kuwa askari wa doria wakati hifadhi ya bahari ilipokuwa bado changa. Yeye Tekla ni mzaliwa wa Mbinga, kwenye migomba, kahawa na baridi ya asubuhi. Bahari aliizoea polepole, kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Walijaliwa binti mmoja, Jovina, ambaye sasa alikuwa akisoma Morogoro. Kisha Godlove akaanguka na presha, akafa, akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Baada ya msiba ndugu walimwambia Tekla arudi bara. Alisema atarudi. Kila mwaka alisema atarudi, na kila muhula mpya ulipofunguliwa alionekana Kilindoni, amebeba chaki zake, anavuka uwanja wa chuo kwa mwendo wa mtu aliyelala kidogo.

Somo lenyewe lilianzishwa kwa nia njema. Waliokiasisi chuo walisema kijana atakayefanya kazi katika kisiwa chenye hifadhi, awe fundi au mwongoza watalii, lazima ajue anafanya kazi katikati ya watu gani. Ndiyo maana likawekwa kuwa la lazima: bila kulifaulu, hupati cheti, hata kama fani yako umeipata vizuri namna gani.

Tekla alilifundisha kwa bidii miaka ya mwanzo. Aliwapeleka vijana Ras Kisimani kuona mahali ulipokuwa mji wa kale, ambao sehemu kubwa bahari imeshaula. Aliwaeleza juu ya watu waliojenga pale, wakaoa, wakafanya biashara, wakazika wazazi wao. Wa utalii walipiga picha. Wa mashine walirudi kwenye boti wakaizunguka injini, wakabishana juu ya plagi. Binti mmoja alinyoosha mkono, Tekla akafurahi, na binti akauliza kama hayo yatatoka kwenye mtihani. Tangu hapo safari zilipungua. Baadaye mafuta ya boti nayo yakawa hayapatikani, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka 2013 alikuwepo kijana mmoja wa mashine, jina lake Matano. Alitoka Juani, kisiwa kilicho ng'ambo ya kijiji cha Utende. Kwenye karakana walimu walimsifu. Mwalimu wake, Elineema, alisema kijana huyo anasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Kwenye darasa la Tekla alikaa benchi la nyuma, ukutani, na hakuwahi kusema neno. Hakusinzia. Hilo Tekla alilikumbuka baadaye: wengine walisinzia, yeye alikuwa macho muda wote, anamtazama.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na swali kubwa moja lililobeba maksi nyingi: eleza faida za hifadhi ya bahari kwa wananchi wa Mafia. Lilikuwa swali la kawaida, linalotoka karibu kila mwaka. Wanafunzi walilijua na majibu yake waliyakariri. Matano aliliacha wazi. Hakuandika hata mstari. Tekla alimpa sifuri pale na somo zima likaanguka. Kijana akaitwa kurudia mtihani, wenyewe wanaita sapu. Tekla alibadilisha maneno kidogo lakini swali lilikuwa lilelile, kwa kuwa mtaala ndivyo ulivyotaka. Safari hii Matano aliandika sentensi moja: "Waulizwe wanaozipata." Akafunga karatasi, akatoka nje.

Tekla aliisoma sentensi ile amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Aliisoma tena. Haikuwa jibu. Alimfelisha mara ya pili.

Siku chache baadaye Elineema alimfuata akiwa anatoka darasani. Elineema ni Mpare, mtu wa maneno machache, mikono yake haitoki grisi hata akiisugua vipi. Yeye na Tekla walikuwa marafiki wa muda mrefu. Ndiye aliyesimamia mambo yote wakati wa msiba wa Godlove.

"Mama Jovina," alisema, "kijana wangu kapata kazi Dar, kwenye karakana ya boti. Wanamsubiri na cheti. Cheti hakitoki kwa sababu ya somo lako."

"Kwa sababu hakujibu swali."

"Swali la nini? Yule anakwenda kufungua injini. Mtu akimletea injini imekufa baharini, atamweleza faida za hifadhi?"

Tekla alitua begi lake chini. "Elineema, mimi somo sikuliweka. Nimepewa nilifundishe."

"Ndiyo hivyo, hata wewe mwenyewe huliamini. Nitalipeleka kikaoni. Nakwambia mapema usije ukasema nimekuzunguka."

"Lipeleke," Tekla alisema. Alichotaka wakati ule ni kukaa tu, mahali popote.

Kabla kikao hakijafika, alipata mgeni. Ilikuwa Jumamosi alasiri, anaanika nguo uani, aliposikia sauti ya mwanamke ikipiga hodi. Aliyesimama mlangoni alikuwa amevaa kanga na mtandio, ngozi ya mikono imekauka kwa maji ya chumvi. Alimzidi Tekla umri kidogo.

"Shikamoo, bibie," Tekla alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mize. Mamake Matano."

Tekla alimkaribisha mkekani, akamletea maji ya kunywa. Bi Mize alikunywa, akamshukuru Mungu, akatazama chumba. Ukutani palikuwa na picha ya Godlove amevaa sare ya doria. Aliitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko mgeni anavyotazama picha.

"Najua umekuja kwa nini," Tekla alisema. "Maksi siwezi kumpa bure, bibie. Angeandika hata kidogo ningemtafutia pa kumshika."

"Sikuja kuomba maksi." Bi Mize aliweka kikombe chini. "Nimekuja unijue. Mume wangu ni Shaabani wa Juani. Yule aliyechomewa juya."

Tekla aliketi sawasawa. Juya ni wavu mrefu wa kukokota, na yale yenye matundu madogo yalipigwa marufuku kwa sababu yanazoa hata samaki wachanga. Watu wa doria waliyakamata mengi miaka ile, na yaliyokamatwa yalichomwa moto. Hakuna aliyesema sheria haikufuatwa. Godlove alikuwepo siku nyingi za namna hiyo, na alipokuwa akirudi nyumbani alikuwa akiifua sare yake mwenyewe kabla ya kula.

"Sikujua kuwa ni mtoto wake," Tekla alisema.

"Yeye alikujua tangu siku ya kwanza. Alikuja nyumbani akasema, mama, mke wa yule ndiye mwalimu wangu." Bi Mize alinyoosha miguu, akayasugua magoti. "Shaabani hakurudi tena baharini. Juya lilikuwa kosa, sawa, tuliambiwa, tukasikia. Lakini mwanamume yule ujuzi wake ulikuwa ule. Yuko Baleni sasa anafua nazi za watu. Akija nyumbani hasemi. Mtoto naye hasemi. Mimi nafunga mwani wangu kwenye kamba huko majini, narudi, napika, nakaa na watu wawili wasiosema. Unajua kuchoka kwa namna hiyo?"

Tekla aliitikia kwa kichwa kuonyesha kuwa anajua. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na mtu mmoja asiyesema.

"Bibie, huenda somo lenyewe likaondolewa. Lina kikao. Likiondolewa, atapata cheti chake, mambo yaishe."

Bi Mize aligeuka kumtazama vizuri. "Nani anataka kuliondoa?"

"Wengi. Wanasema fundi wa mashine hana haja nalo."

"Wao wanasema hivyo. Mimi nimepanda boti kutoka Juani asubuhi nije nikwambie usimwachie." Sauti yake ilipanda kidogo, akaishusha. "Injini atajifunza popote, ana akili hiyo. Lile jambo nani atamwambia akae alizungumze? Mimi? Babake? Kwenu ndiko kuna mtu mwenye haki ya kumuuliza na yeye akalazimika kujibu. Mlazimishe."

"Swali nililomuuliza lilikuwa la upande mmoja," Tekla alisema polepole. Alishangaa kujisikia akisema hivyo, maana aliliuliza miaka yote bila kuliona.

"Basi uliza la pande mbili. Mwalimu ni wewe."

Waliagana kwa kushikana mikono. Tekla alimsindikiza hadi barabarani, wakasimama hadi alipopata gari la kwenda Utende. Aliporudi alimalizia kuanika nguo zilizokuwa zimeshaanza kukauka ndani ya ndoo, zimejikunja.

Kikao cha walimu kilikaa wiki iliyofuata. Mkuu wa chuo, Silvester, alikuwa mtu mpole ambaye hakupenda ugomvi. Alimpa Elineema nafasi, naye akasema aliyokuwa nayo bila kumshambulia mtu. Alisema muda wa karakana ni mdogo. Alisema wanafunzi wanatoka bila kujua kufungua sanduku la gia, halafu chuo kinawashikilia kwa somo la kukariri. Mwalimu wa usindikaji alimuunga mkono. Wa utalii alisema kwake somo lina faida, ila wengine waachwe wachague.

"Mwalimu Tekla," Silvester alisema. "Wewe ndiye mwenye somo. Tuambie limewasaidia nini hawa vijana."

Tekla alisimama. Njiani alikuwa amepanga maneno, akayaacha.

"Nilipokuwa chuo cha ualimu," alianza, "tulilazimishwa kusoma kilimo. Kila asubuhi tulikuwa zizini. Ningependa kuwaambieni kwamba kilinisaidia. Mpaka leo sijafuga hata kuku."

Watu walicheka. Elineema naye alicheka, kisha akajuta, akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo sitasema kila somo la lazima lina faida. Sijui kama langu limemsaidia mtu. Wakishaondoka hawarudi kuniambia. Ninachojua ni kwamba darasa lile ndilo pekee ambapo mtoto wa Juani na mtoto wa askari wa doria wanakaa chumba kimoja, na mtu anaweza kuwauliza habari zao. Kwenye karakana hawataulizana. Kwenye boti hawataulizana. Nami nimekuwa nao chumbani miaka yote hiyo, nikawauliza faida tu. Labda kosa si somo. Labda ni mimi nimechoka nikalifundisha hivyo. Basi, nimemaliza."

Alikaa. Silvester alishukuru, akasema suala litapelekwa kwenye bodi. Kuhusu Matano, alisema utaratibu wa chuo unaruhusu mwanafunzi aliyekwama kuhojiwa kwa mdomo mbele ya walimu wawili. Tekla akaomba kijana ahojiwe hivyo. Akaomba mwalimu wa pili awe Elineema.

Matano aliingia ofisini siku ya mahojiano amevaa ovaroli la karakana. Aliwaamkia wote wawili, akakaa ukingoni mwa kiti. Elineema alimwonyesha kwa macho atulie.

"Nitakuuliza swali moja," Tekla alisema. "Mvuvi wa Juani amekutana na mtu wa doria baharini. Mvuvi ana juya. Nieleze kila mmoja anasema nini. Wote wawili."

Kijana aliutazama mlango. Kisha akamtazama yeye, kwa macho yale yale ya benchi la nyuma.

"Unataka niseme kweli?"

"Nataka uniambie kila mmoja anasema nini."

Alianza kwa sauti ya chini. Mvuvi anasema juya hili alirithi kwa babake. Anasema wanaolivuta ni watu watano, kila mmoja ana nyumba. Anasema watu wa hifadhi walipokuja kufanya mkutano yeye alikuwa baharini, na hata angekuwepo, mkutano ulikuwa wa kuambiwa tu. Anasema nyavu za matundu makubwa walizoahidiwa, wengine walipata na yeye hakupata. Kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyopanda, na maneno yalitoka yamejipanga, kama mtu aliyeyasema peke yake mara nyingi. Elineema aliacha kuchezea kalamu.

"Vizuri," Tekla alisema. "Sasa mtu wa doria."

Kijana aliinama, akatazama viatu vyake.

"Mtu wa doria anasema nini, Matano?"

"Anasema leta juya."

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna baada ya hapo."

"Basi bado hujamaliza."

Kijana alifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Nje mtu aliwasha injini karakanani, ikakohoa, ikazima. Matano aligeuza kichwa kuisikiliza, akarudi.

"Anasema ametumwa," alisema hatimaye. "Anasema samaki wadogo wakizolewa wote, hata huyo mvuvi kesho hatapata kitu. Ana mkubwa wake anayemsubiri ufukweni. Anasema... mimi siamini hayo."

"Sijakuuliza unaamini nini."

"Anasema pole."

Tekla aliinua macho.

"Mumeo alimwambia baba pole," Matano alisema. "Walipokuwa wanalichoma. Baba alinieleza mara moja tu. Alisema afadhali yule mtu angemtukana. Angemtukana, angemchukia, akalala. Sasa hajui amfanye nini."

Elineema alikohoa. Tekla alikaa na mikono juu ya meza. Godlove hakuwahi kumwambia hilo. Miaka yote walipokuwa pamoja hakumwambia, na yeye hakuuliza. Alimwona anasugua sare pale uani akadhani ni usafi. Alisikia uzito ukimshuka mabegani hadi kwenye viganja. Haukuwa uchungu wala faraja. Ulimchosha tu, kama alivyochoka siku ya mazishi.

"Na babako alimjibu nini?" aliuliza.

"Hakumjibu."

"Ungekuwa wewe?"

"Sijui, mwalimu." Kwa mara ya kwanza alimwita mwalimu. "Sijui."

Tekla alimtazama Elineema. Elineema akaitikia kwa kichwa. Tekla akaandika maksi. Zilikuwa za kufaulu na hazikuzidi sana hapo, kwa kuwa upande wa pili kijana aliusema kwa kulazimishwa, na yeye hakutaka kumlipa kwa huruma.

"Umefaulu," alisema.

"Nimefaulu?"

"Ndiyo. Cheti utakichukua kwa mkuu wa chuo."

Matano alisimama. Akasema, "Haya," akatoka.

Ile kazi ya Dar ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Elineema alipata habari hizo kwa simu, akamweleza Tekla bila kumlaumu, na kutolaumiwa kukamuumiza zaidi. Matano alianza kutengeneza mashine palepale Kilindoni, karibu na soko la samaki, chini ya turubai.

Bodi nayo ikaamua. Kuanzia wanafunzi wapya, Jamii na Mazingira litakuwa somo la kuchagua. Silvester alimwita Tekla kumweleza, akamwongezea vipindi vya Kiingereza cha utalii ili ratiba yake isiwe tupu. Tekla alisema sawa. Jovina alipompigia simu kutoka Morogoro na kumwambia, mama, sasa rudi nyumbani upumzike, alisema atarudi.

Siku moja alipita sokoni kununua samaki, akamkuta Matano amepiga magoti mbele ya injini. Kando yake wanaume wawili walikuwa wakizozana juu ya nani aliyeiharibu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Ndiyo hii. Kelele nyingi." Aliwaonyesha kwa kidevu wale wawili. "Hawa wana boti moja. Kila mmoja nimeshamsikiliza."

"Na mama?"

"Mzima. Baba naye alikuja wiki iliyopita, alikaa siku kadhaa." Alichukua bisibisi, akaitazama ncha yake. "Nilimweleza nilichowaambieni siku ile. Alikasirika."

"Alisema nini?"

"Alisema mengi."

Tekla alisubiri, lakini kijana alikuwa amekwisha kuinama kwenye injini. Hakumuuliza kama somo lilimfaa. Alinunua changu wawili, akaenda zake.

Muhula mpya ulipofunguliwa aliingia kwenye lile darasa kubwa, akakuta wanafunzi wanaojaza benchi moja na nusu. Aliwaomba wasogee mbele, wakasogea kwa kuburuta mabenchi. Kulikuwa na wa utalii, na wa usindikaji, na binti mmoja wa mashine aitwaye Chiku, wa Kirongwe, aliyekaa peke yake.

"Sasa hivi halilazimishwi," Tekla aliwaambia. "Kwa hiyo nawauliza. Nyinyi mmekuja kwa nini?"

Walitazamana. Chiku ndiye aliyejibu.

"Somo lingine lilikuwa limejaa, mwalimu."

Tekla alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kukusudia. Akavuta kiti, akakaa katikati yao badala ya kusimama ubaoni, maana miguu ilikuwa inamuuma.

"Haya," alisema. "Chiku, kwenu Kirongwe wanaishi kwa kazi gani? Tuanze na wewe."